Povu la Darini kwa Mama

Jumapili, 6 Aprili

Nimepanda tena ngazi kunusa kabla ya kwenda kazini. Kichwa ndani ya tundu la dari, tochi ya simu mkononi. Povu limetoka lote, anasema Fundi Iqbal. Mabati yako uchi, mbao zina makovu ya visu. Mifuko ya mabaki imejaa uani. Nimenusa upande wa mlango, nimenusa upande wa kiyoyozi. Sikusikia kitu. Siamini.

Mwaka jana chumba hiki cha Mama kilikuwa tanuri. Salum, kaka yangu, akaleta watu wakapuliza povu chini ya mabati, eti lizuie joto. Joto lilizuilika. Ikaja harufu ya samaki aliyelala, na Mama akaanza kukohoa. Kifua chake si kizima tangu zamani. Waliopuliza hawapokei simu. Tangu kabla ya Ramadhani Mama yuko kwa Salum, mtaa wa Ansab. Mimi niko peke yangu hapa nyumbani Khuwair, na kila jioni nafukiza udi chumba kitupu.

Joto linakuja. Alhamisi Iqbal anataka kutandika sufi ya mawe badala ya lile povu, kisha afunge dari. Akishafunga, kama harufu imebaki, imebaki humo humo. Hiyo ndiyo hofu yangu.

Jumanne, 8 Aprili

Nimempigia Mama. "Nnaendelea vizuri, alhamdulillahi. Nipo kwa watu."

Yuko kwa mwanawe wa kumzaa, anasema yuko kwa watu! Mke wa Salum hana kosa, anamwandalia kila kitu. Lakini kule Mama hana mlango wake wa uani, hana pa kuanika kanga zake. Na chumba hiki Baba, Mungu amrehemu, alimjengea yeye. Nilimpa chumba changu, akakataa.

Salum kamnunulia kabati. La milango mitatu. Mgeni wa wiki chache hanunuliwi kabati la milango mitatu. Nimeudhika.

Jumatano, 9 Aprili

Salum kaja kukagua. Kasimama katikati ya chumba, kavuta pumzi. "Khalas, harufu nzuri kabisa. Mwambie fundi afunge."

Nimemtazama. Kanzu imefukizwa, kishada cha shingoni kimechovywa mafuta, kofia nayo vilevile. Huyu hata ukimsimamisha soko la samaki Mutrah atasikia udi. Nikataka kucheka. Halafu nikaona chetezo mkononi mwangu mwenyewe, moshi unapanda.

Na mimi nilikuwa nanusa nini? Miezi yote tumekuwa tukiifukuza ile harufu, asubuhi ubani, jioni udi. Mapazia yamekunywa. Godoro limekunywa. Nywele zangu zimekunywa. Katika ukoo huu hakuna mtu anayeweza kusema chumba hiki kinanukaje.

Nimemwagia makaa maji. Hapafukizwi kitu mpaka nijue. Nimempigia Iqbal asije kesho. Kakasirika kwa Kiarabu chake, nami nimekasirika kwa changu.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimefua mapazia. Godoro nimelitoa juani. Nyumba bila udi ni kama nyumba ya kupanga, sijisikii niko kwetu. Sijasikia samaki. Moyo ukatulia kidogo, kisha nikakumbuka kwamba pua yangu si shahidi wa kutegemewa.

Salum kapiga simu baada ya sala. Kama Jumamosi ya wiki ijayo chumba hakijawa tayari, Mama anabaki Ansab moja kwa moja. Kasema kwa upole. Ule upole ndio ulionitisha.

Jumapili, 13 Aprili

Siku mbaya.

Shangazi Zuwena na binti zake wawili wamekuja, ziara ya Idi iliyochelewa. Nimewaweka uani penye upepo, mlango wa chumba cha Mama wazi. Halua, sambusa, kahawa. Kahawa tena. Sisi mgeni akishaletewa chetezo akajifukiza, anajua, anaaga. Chetezo sikutoa. Kwa hiyo hawakuaga.

Magharibi ikaingia. Wakasali, wakarudi kukaa. Nikaleta matunda. Tukamaliza habari za walio hai, tukaingia za waliokufa. Binti mmoja anasinzia kitini. Mwisho Shangazi kashindwa.

"We mwanangu, leo hatufukizwi?"

"Mkaa umekwisha, Shangazi."

Mfuko wa mkaa uko nyuma ya mlango wa jikoni, na kaupita alipokwenda kutawadha. Akageuza shingo upande wa chumba cha Mama, pua juu.

"Umekaanga nguru?"

Nilipika kuku.

Ningempa udi wake alasiri angekwenda zake, na mimi nisingejua. Iqbal angefunga dari, Mama angerudi, angekohoa. Nimesimama mlangoni kwa Mama tangu walipoondoka hadi sasa, nanusa, sisikii kitu, na najua kipo.

Jumatatu, 14 Aprili

Shangazi kamwambia Salum kabla sijafika kazini. "Basi tena," kaniambia Salum, "tusimtese mama yetu." Kana kwamba mimi namtesa! Nimemwomba aniachie mpaka Jumamosi. Kakubali kwa shingo upande. Nimelia chooni, nikanawa uso, nikarudi mezani.

Jioni Iqbal kaja, kapanda, katambaa mpaka mwisho. Kakata ubao wa jipsamu wa dari pembeni, juu ya kiyoyozi. Nyuma ya boriti pana, povu lilikuwa limeteremka ndani ya ufa wa ukuta, bonge zima, rangi ya kahawia. Halikupata kukauka. Laini kama halua isiyoiva. Kanishushia kipande kwa glavu yake ninuse.

Nguru mtupu. Sijapata kufurahia uvundo hivi maishani.

Jumatano, 16 Aprili

Madirisha wazi mchana kutwa. Vumbi limejaa mpaka ndani ya sukari. Iqbal kalikwangua bonge lote, kauziba ufa, katoboa matundu ya hewa pande mbili za paa. Bado sijamruhusu afunge. Nikifumba macho nasikia samaki. Nikifumbua sisikii. Nitapata wazimu.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimemeza aibu nikamwita Shangazi aje anuse. Nikamwomba asijifukize, asijipake kitu. Nilidhani atanuna. Kaja kaoga tu, kanga mbili, kakaa kitandani kwa Mama kwa muda mrefu, kama daktari.

"Nnasikia saruji," kasema. "Na vumbi. Basi."

Nimembusu mkono. Iqbal katandika sufi ya mawe kati ya mbao, karudisha jipsamu, kafunga tundu. Chumba kimepoa mara moja. Nimekaa sakafuni nikaendelea kuogopa.

Jumamosi, 19 Aprili

Salum kamleta Mama baada ya adhuhuri. Begi la nguo kaliacha Ansab, makusudi. Sharti lake: Mama alale hapa mpaka alasiri, na akikohoa wanaondoka pamoja.

Mama kajilaza. Salum kitini, kakunja mikono, anasikiliza. Mimi mlangoni, nimejizuia hata kupumua. Mara Mama kajisafisha koo. Salum kainua kichwa.

"Mate," kasema Mama, macho kafumba.

Kalala. Kalala kweli, mdomo wazi. Alasiri kaamka, kasali, katoka uani kwa mlango wake. Salum naye kamfuata na kiti. Katazama saa, kakaa. Kanywa kahawa, kakaa. Hakutaka kuondoka peke yake, na alikuwa haoni aibu. Nikaona anatafuta maneno ya kuanza.

Mama ndiye aliyeanza. Kaniuliza mimi, hakumtazama yeye.

"Mkaa upo?"

"Upo, Mama."

"Basi mfukize kaka yako."

Nimewasha chetezo nje ya geti, mbali na mlango wa Mama. Salum kasimama njiani, kainua pindo la kanzu, moshi ukampanda. Kajifukiza mpaka udi ukaisha.

"Kesho ntaleta begi lake," kasema, kaingia garini.

Nimekiacha chetezo hapo hapo nje kipoe. Niliporudi, Mama alikuwa anaanika kanga alizokuja nazo.