Lori Lako, Baba, na Watu wa Nyuma

Galbet, Garissa
Jumapili asubuhi

Kwa Baba yangu,

Shikamoo. Najua sauti inayokusomea haya ni ya Wakesho, kwa hiyo nianze na yeye: dada yangu, soma polepole, usiruke mstari hata ukiuona mgumu, na Mama kama yuko jikoni mwite aje akae. Baba, macho yameamkaje wiki hii? Mama aliniambia yale matone yanakuwasha, na kwamba siku hizi unamjua mtu kwa hatua zake kabla hajafika mlangoni. Na nyonga ya Mama, bado inamsumbua akiinama? Mimi ni mzima. Joto la huku unalijua kuliko mimi, sina haja ya kukueleza. Maji ya bomba mchana yanafaa kukorogea chai.

Sanduku alilokuletea mwenzangu wa kazini lisifunguliwe kwanza. Likae mezani mpaka barua iishe.

Humo ndani mna lile lori. Siku uliyotoka kwa daktari wa macho, alipokwambia kwamba presha ya macho imeshakula sehemu kubwa ya nuru na iliyobaki haitadumu, ulipofika nyumbani uliomba picha moja tu, ile ya ujana wako ukiwa dereva jeshini, umesimama kando ya lori la jeshi lililozama kwenye mchanga wa laga, ule mto mkavu, karibu na Modogashe, mguu mmoja juu ya bampa, kofia umeilaza upande. Uliishika karibu na pua mpaka Mama akakunyang'anya akisema utayamaliza macho hata hayo yaliyobaki. Mimi nilikuwa mlangoni nikiangalia. Niliporudi kazini Garissa nilikuja na ile picha mkobani, na nia ya kukujengea lori lenyewe, dogo, ulione kwa vidole.

Kazi yangu unaijua. Kutwa nzima mikono yangu imo ndani ya plasta na plastiki, natengenezea watu miguu ya bandia. Nikajipa kona moja ya karakana, na saa ya chakula ikawa saa ya lori. Kila sentimita thelathini na tano zako mimi nilizifanya moja, hivyo gari zima limekuwa na urefu wa kiganja changu pamoja na vidole. Plastiki ya miguu ilikataa kushika gundi, nikatumia mabaki ya dari za plastiki na gundi ya mabomba. Magurudumu nimeyachonga kutoka kwenye soli ya patipati na kuyatia mifereji kwa kisu cha moto, ili kidole chako kikipita kijue kwamba ni tairi la mchanga. Nati za magurudumu ni punje za ulezi. Turubai ni bandeji niliyoichovya kwenye gundi nyeupe ikakauka ikiwa na mikunjo yake. Mchanga ni wa Modogashe kweli. Nilikwenda Jumamosi moja, nikachota katika laga ileile, wachunga ngamia wakinishangaa, nikauchunga kwa chujio la chai.

Nawe ulinisaidia sana kwa simu. Ulinieleza boneti, kioo kilichopasuka kona ya kushoto, dumu la maji lilipokaa. Sauti yako ilikuwa ya kijana. Lakini nilipouliza nyuma kulikuwa na nini, ulisema, "Weka magunia." Nikauliza magunia ya nini. Ukasema magunia ni magunia. Nikayashona kumi, nikayajaza mchanga, nikayapanga.

Sasa nikueleze habari za Mzee Dagane. Ni mchungaji wa mbuzi wa pande za Modogashe. Sukari imemkata mguu wa kulia chini ya goti, na wakati wa matibabu anakaa kwa binti yake hapa Galbet. Mimi humwita adeer, ndivyo kwao wanavyomwita baba mdogo, naye kwa desturi yao huniita hivyohivyo. Siku ya kumpima alikuwa amekaa akingoja plasta ikauke kwenye kigutu chake, macho yake yakaangukia lori mezani. Aliniomba nimsogezee. Akaligeuza, akapitisha kidole kwenye ubao wa nyuma, akaanza kuyatoa magunia moja moja na kuyaweka pajani.

"Hii gari mimi najua," alisema. "Lakini nyuma umekosea. Nyuma ni watu."

Akanisimulia. Alikuwa kijana hajaoa, walikuwa kwenye kisima, askari wakaja wakitafuta bunduki. Wanaume wote walipakiwa kwenye malori kama hilo, wakakalishwa sakafuni, mikono kichwani. Safari ilikuwa ya tangu asubuhi hadi alasiri, chini ya turubai, bila maji. Hakuna bunduki iliyopatikana kwake. Alizuiliwa siku kadhaa, kisha akaambiwa aende, akarudi kwa miguu na kukuta mbuzi wametawanyika na fisi wamekwisha kuchagua. Nilimuuliza kama anamkumbuka dereva. Alisema dereva hakumwona, alichoona siku nzima ni shingo yake tu kupitia kidirisha cha nyuma yake.

Baba, pale nilifanya kosa. Nilikupigia jioni ileile, nikakumwagia yote bila hata kukuuliza kama umekaa, nikamalizia kwa kukuuliza kama ni kweli. Ukasema simu inakatika, nayo haikuwa inakatika. Siku tisa hukushika simu yangu. Mama aliniambia unakaa barazani tangu asubuhi, kanisani hukwenda, chakula unakigusa tu. Nililifunika lori kwa taulo nikaliweka juu ya kabati. Nilijiona nimechukua picha pekee uliyoipenda nikaitia doa, na wewe hata nuru ya kuitazama huna. Nilifikiri kulivunja.

Jumatatu ukapiga wewe mwenyewe, saa za kazi, nikiwa na plastiki ya moto mikononi. Hukusalimu. Wakesho, haya yafuatayo ni maneno ya Baba mwenyewe, yasome kama yalivyo, nayaandika ili ajue kwamba nilisikia vizuri.

"Walikuwa kumi na mmoja. Niliwahesabu kwenye kioo cha pembeni wakipakiwa. Dumu la maji lilikuwa miguuni pangu, limejaa. Mzee mmoja aligonga bati la nyuma yangu, akagonga tena. Mkubwa wangu aliyekaa kando alisema nisisimame kwa lolote, na mimi sikusimama. Tulipofika, yule mzee aliteremshwa kwa kubebwa. Sikuuliza alikuwa mzima au la. Mpaka leo sijauliza."

Nilisema, "Ndiyo, Baba." Ukasema, "Magunia yatoe. Weka watu." Nikakuuliza kama naweza kumwambia Mzee Dagane. Nikasikia kuku wa Mama nyuma yako, kisha ukasema nimwambie, na nimpe jina lako kamili.

Nilimwambia siku aliyokuja kuujaribu mguu. Alikuwa kati ya vile vyuma viwili vya kujifunzia kutembea, amekwenda mara moja na kurudi. Nilimwambia jina lako, nikamwambia hujui kama lilikuwa lori lake, na kwamba malori yalikuwa mengi. Nikamwambia kwamba uliwahesabu, na habari za dumu na za yule mzee. Alishika vyuma kwa mikono yote miwili akatazama sakafu. Niliogopa ataanguka, nikasogea, akanikataza kwa kichwa.

"Baba yako iko hai?" aliuliza mwishowe.

Nikajibu u hai, lakini macho yanakuishia.

"Na hesabu anakumbuka?"

"Anakumbuka, adeer. Kumi na mmoja."

Akasema, "Wallahi, mimi nilidhani ni sisi peke yetu tunakumbuka."

Hakusema amekusamehe, Baba. Sikumwomba aseme, na nadhani hata wewe usingetaka nimwombe. Yule mzee wako hamjui, wala hakujifanya kumjua ili akupe nafuu. Alichofanya ni kuniambia turudie mazoezi, akatembea ule urefu wa vyuma mara nne, jasho likimtiririka.

Wiki iliyofuata alikuja siku ambayo hakuwa na miadi. Alivuta kiti hadi kwenye kona yangu, akaniuliza watu wako wapi. Nilikuwa nimeanza kuwaunda kwa waya na udongo wa gundi, lakini nilikuwa nimewakalisha vibaya, kwenye mabenchi. Mabenchi yalikuwa ya askari, alinieleza. Watu walikaa chini, magoti kifuani, kila mmoja mgongo wake kwenye magoti ya mwenzake, hivyo lori likiruka wote wanaruka pamoja. Alinionyesha macawis, shuka yao ya kiunoni, inavyojikunja mtu akikaa hivyo. Alikuwa mkali kama fundi mkuu. Mmoja nilimrudia mara tatu kwa sababu ya shingo. Yule mzee wako tulimweka mbele kabisa, karibu na bati, mkono umeinuliwa. Mkono ule Dagane aliukunja mwenyewe kwa koleo langu dogo. Baadaye alikwenda nje akakaa kivulini, nami sikumfuata.

Nilipomaliza wote kumi na mmoja, nilimuuliza kama anataka nimwongeze na yeye. Alikataa kuwekwa humo. Akauliza gari inakwenda au imesimama. Nikamwambia imekwama mchangani, kama kwenye picha.

"Basi imesimama," alisema. "Mlango ya dereva fungua. Na mimi weka chini, mahali dereva anaona."

Mguu wake mpya aliondoka nao Alhamisi, akitembea kwa fimbo moja. Amenikaribisha kwao Modogashe, nikiweza nije nawe. Safari ni ndefu na wewe utaamua. Mimi nitakuja kukuchukua ukitaka, na usipotaka sitauliza tena.

Mama, kamba ya mkoba ulionitumia haijakatika bado, na mihogo mikavu imeisha. Wakesho, mwambie shemeji nashukuru kwa kumpeleka Baba hospitali kila mwezi, na watoto wako wawili uwazuie wasimtangulie babu kugusa. Salamu kwa shangazi wa ng'ambo ya reli, na kwa katekista, naye nimwombe ampitie Baba barazani kabla ya ibada ili waende pamoja.

Sasa fungueni sanduku. Baba, anza na boneti, ni upande wako wa kulia. Pita juu ya kioo, kona ile utaihisi imepasuka. Turubai nimeliacha bila kuligandisha. Linyanyue taratibu, uwahesabu. Usifanye haraka. Kisha rudi mbele uteremke pembeni. Mlango wako utaukuta wazi, na wewe umo ndani, uso umegeukia nje. Upana wa vidole viwili kutoka hapo, mchangani, kuna mtu amesimama kwa miguu yote miwili, hana kitu mkononi. Ni Mzee Dagane. Alisema nikupe salamu zake, na alilitaja jina lako lote.

Mwanao,
Mwadime