Maelezo Yangu Juu ya Picha ya Makaburini

Johannesburg, Jumatano asubuhi

Mchungaji wetu mpendwa. Mwenyekiti na wajumbe wa Baraza la Wazee. Mwalimu wa kwaya na waimbaji wako. Akina baba, akina mama na vijana wa usharika. Na mwisho, kwa kuwa najua ameketi mwisho, mama yangu mzazi.

Amani ya Bwana iwe juu ya mabenchi yote, ya mbele na ya nyuma. Kifua cha Mchungaji kimepoa? Nasikia jalidi imeunguza viazi tena huko Njombe, na nimewaza mashamba yenu kila nilipoamka. Baridi ya huku haina ukungu kama yetu. Ni kavu, inapasua midomo, na jua linawaka juu yake kana kwamba halihusiki. Mimi mwili wangu ni mzima. Mengine yote mtayasikia, na nimemtumia Katibu kwa simu ayasome kama yalivyo, hata yale yatakayomkera.

Mlinituma niwapelekee Wachina wa jiji hili Habari Njema. Nilipata chumba cha uani kwa mjane mmoja, Bi Lin, mwenye duka la mboga katika mtaa wao, si mbali na Bertrams wanakoishi Wakongomani wengi. Dukani humo anafanya kazi Mama Zawadi, mzaliwa wa Uvira, na Kiswahili chake ndicho kilichokuwa daraja langu. Bi Lin alikuwa na mtoto mmoja tu, Wei, kijana mtaratibu aliyenizidi umri kidogo, ambaye kila alfajiri alikwenda soko kuu kuleta mboga kwa gari dogo.

Jioni yangu ya kwanza, Bi Lin aliniandalia chakula. Ukutani kwake kuna rafu yenye picha ya marehemu mumewe, vikombe vya chai na machungwa. Nilimwona akiliweka bakuli mbele ya picha ile, akainamisha kichwa, akalishusha na kuniletea kwa mikono miwili. Nikakumbuka maagizo yenu siku ya kuniaga: nisionje kilichowekwa mbele ya wafu. Nikalirudisha bakuli. Nililirudisha kwa heshima, nadhani, lakini nililirudisha.

Kesho yake Mama Zawadi alinisubiri mlangoni pa duka, mikono kiunoni.

“Pasta, ulikatala chakula ya mumama?”

“Kiliwekwa mbele ya picha, Mama Zawadi.”

“Na miye napikia bwana yangu mbele ya picha ya marehemu baba yake, na anakula mpaka analamba sahani! Weye ulikuja kuishi na batu ao kubapima?”

Mtaa ule ni mdogo kuliko unavyoonekana. Kabla juma halijaisha, kila mlango ulikuwa umesikia kwamba mgeni wa Bi Lin anaona chakula chake ni uchafu. Wenye maduka hawakunifukuza. Walitazama tu pembeni yangu, kama mtu anavyotazama pembeni ya nguzo. Vipeperushi vya Kichina mlivyochapisha kwa sadaka yenu walivipokea wote. Nilifurahi mno, hadi nilipoviona kaunta.

“Karatasi yako iko nguvu, pasta,” alinitania Mama Zawadi. “Tunafungia tangawizi, haipasuke hata.”

Jumapili nilipanga viti chumbani mwangu, nikafungua mlango, nikangoja. Hakuingia mtu. Nilihubiri hata hivyo, ndugu zangu, kwa sauti kamili, kwa sababu niliogopa kitakachotokea nikinyamaza. Jumapili iliyofuata nilihubiri kwa sauti ya chini. Iliyofuata hiyo niliketi kwenye kimoja cha vile viti, nikashindwa hata kuomba. Nilifungua kinywa, maneno niliyofundishwa tangu utoto yakaja, nami nikayasikia kama mtu anayesomewa tangazo la watu wengine. Hali hiyo haijaniacha. Nawaambia ili msije mkadhani picha mliyoiona ndiyo mwanzo wa kuanguka kwangu. Kama nilianguka, nilianguka kwenye kiti kile, mlango ukiwa wazi.

Kisha Wei akafa. Umeme ulikuwa umekatika, na taa za kuongozea magari, ambazo hapa huitwa roboti, zilikuwa zimezimika. Lori lilimkuta katikati ya njia panda, akitoka sokoni.

Siku moja kabla ya mazishi, Bi Lin alikuja mlangoni kwangu akiwa na Mama Zawadi. Tangu lile bakuli hakuwahi kufika hapo. Alizungumza kwa Kichina chake, kwa Kiingereza cha dukani, na kwa vidole, na Mama Zawadi akawa anaokota maana.

“Anauliza kama Wei alikupita myaka.”

“Alinipita kidogo.”

“Anasema basi weye ni mdogo yake. Kesho utabeba picha ya Wei, utamupigia magoti.”

“Mama mzazi yupo. Kwa nini asiende yeye?”

Mama Zawadi alinitazama kana kwamba nimeuliza kwa nini maji yanalowesha. “Kwao mukubwa haipigie mudogo magoti, pasta. Mama hafikake kwa kaburi ya mutoto. Atabakia nyumba, atafunga rido ya dirisha. Wei hakuoa, hana mutoto, hana ndugu. Wote wa hii mutaa ni wakubwa yake, hawawezi. Ni weye, ao hakuna mutu.”

Nilimwambia nitakwenda, nitasimama kando ya kaburi, nitaomba kwa namna yetu. Bi Lin aliyaelewa hayo bila mkalimani. Akanijibu mwenyewe, kwa maneno machache, nami nayaweka katika Kiswahili: “Anayesimama ni mgeni. Wageni ninao wengi. Kesho sitaki mgeni.”

Nilizisikia sauti zenu, wazee wangu. Nilizisikia zote, moja moja. Na nikamwona mwanamke anayekatazwa kumfikisha mwanawe kaburini, akisimama mbele ya mtu pekee aliyekisukuma chakula chake, akimwomba, kwa sababu mtu mwingine hana.

Nikaenda. Nilibeba picha nikiwa nimefungwa kitambaa cheupe mkononi. Nilipiga magoti, nikainama hadi paji la uso likagusa udongo, nikainuka, nikarudia kama walivyonielekeza. Ndugu yetu mmoja wa nyumbani, aliye mlinzi katika makaburi yale, alinitambua, akapiga picha na kuituma katika kundi la simu la usharika. Sina kinyongo naye. Alichokiona ndicho kilichokuwapo.

Mtaniuliza nilisema nini nikiwa chini. Sikusema kitu; nilikuwa nalia. Na mtaniuliza kama moyoni nilimwinamia Mungu, magoti yakimwinamia Wei. Jibu hilo lingetusaidia sote, lakini si la kweli. Nilimwinamia Wei, kwa kuwa mama yake hakuruhusiwa.

Niliporudi, Bi Lin alikuwa langoni. Alininawisha kwa maji yenye majani, akaniwekea pipi mkononi, akanionyesha niile hapo hapo kabla sijavuka kizingiti. Nikaila. Ndicho kitu cha kwanza nilichokula kutoka mkononi mwake. Nikamuuliza, nusu kwa mzaha, nikifa mimi katika jiji hili nani atabeba picha yangu. Akanipiga begani. “Wewe usife,” akasema. “Mimi mzee. Siwezi kukubeba.”

Jana mama yangu alinipigia simu.

“Obadia, ni wewe kwenye picha?”

“Ni mimi, mama.”

“Walikusukuma?”

“Hapana.”

“Ungesema walikusukuma, mwanangu, ningejua la kuwajibu.”

Kisha akanieleza kwamba amehamia benchi la nyuma na haimbi tena, kwa kuwa ndio utaratibu wetu: nyumba yenye shauri mbele ya Baraza hukaa nyuma na kunyamaza hadi shauri liishe. Mama ameimba sauti ya pili tangu kabla sijazaliwa. Nimeyavumilia ya huku yote, lakini hilo siliwezi.

Nisalimieni dada yangu mshonaji na mumewe fundi baiskeli. Mjomba wangu mgonga kengele. Na shangazi aliyenifundisha kusoma, mwambieni bado naisoma ile Biblia yake, ijapokuwa siku hizi naisoma kama mtu anayegonga mlango.

Sasa, wazee wangu, nafika kwenye uamuzi.

Shauri letu hufungwa kwa njia mbili: mhusika akitubu mbele ya usharika, au jina lake likifutwa. Kutubu siwezi, kwa maana nitarudia. Wachina huwakumbuka wafu wao kila siku ya saba kwa majuma kadhaa, na Jumapili hii mnaposomewa barua hii, zamu ya kumpigia Wei magoti ni yangu tena. Baada ya hapo bakuli litawekwa mbele ya picha yake, litashushwa, nami nitakula. Sijui kama Bi Lin ataiamini Injili. Sijui kama mimi mwenyewe bado ni mjumbe wake. Ninachojua ni kwamba sitalirudisha bakuli lile mara ya pili.

Kwa hiyo uinjilisti mlionipa naurudisha mikononi mwenu. Sitarudi nyumbani kujitetea, na naomba mtu yeyote asisimame kunitetea, kwani shauri litarefuka. Katibu, ukimaliza mstari wa mwisho, lifute jina langu mbele ya wote. Kisha Mwalimu wa kwaya, usitoe sauti kwanza. Benchi la nyuma liko mbali na magoti ya mama yana maumivu. Mngojeeni afike mahali pake, ndipo muimbe.

Mwanenu,
Obadia