Karatasi Tupu ya Mjomba Sverre

Smøla, 9 Januari 2017

Mpwa wangu Ingvild,

Salamu nyingi kutoka kisiwani. Mimi mzima, isipokuwa goti, nalo hulalamika tu likiona theluji. Mama yako mzima pia, anasema huko Trondheim huli. U hali gani?

Oddvar ameacha kazi, mgongo umemshinda. Unajua cheti cha gereji ukutani ni chake, si changu. Wakubwa wa leseni wamenipa hadi Septemba. Bila fundi mwenye cheti, wanafunga. Haya magari yote ya Kijapani ya kisiwani yatapanda feri kutafuta daktari.

Wewe umebakiza mwaka na nusu wa uanagenzi. Lakini iko njia fupi: mwenye miaka mitano kazini huruhusiwa kufanya mtihani moja kwa moja. Nitasaini kwamba ulifanya kazi kwangu miaka hiyo, upite, uje utundike cheti chako hapa. Si uongo sana, tangu una miaka kumi ulikuwa unanishikia taa.

Mjomba wako,
Sverre

Trondheim, 20 Januari 2017

Shikamoo mjomba,

Mimi mzima, na mwambie mama nakula mpaka suruali ya kazi inanibana. Pole na goti.

Siwezi, mjomba. Kushika taa si kazi ya miaka mitano. Halafu naipenda njia hii ndefu. Ile miaka miwili ya darasani nililala, nakiri. Lakini hapa gereji bosi wangu Bi Aslaug ananiachia gari lililozimika kabisa, anasema, "Haya, liulize linaumwa wapi," kisha anaenda zake kunywa kahawa. Juzi nililiuliza siku mbili nzima. Likajibu.

Njia fupi ni yako. Una miaka thelathini na minne chini ya magari hayo hayo. Kwa nini hufanyi mtihani wewe?

Mpwa wako,
Ingvild

Trondheim, 23 Machi 2017

Mjomba, hujambo huko?

Miezi miwili kimya. Mama anasema ukisikia jina langu unatoka nje kupasua kuni, na banda limejaa, sasa unapanga kuni sebuleni. Kama nimekukosea, nitukane basi, nijue moja.

Ingvild wako

Smøla, 2 Aprili 2017

Mpwa wangu,

Sijambo. Kuni zimeisha kisiwa kizima.

Nilishafanya mtihani huo, miaka minane iliyopita. Mama yako hajui, Oddvar hajui. Ule wa kuandika nilipita kwa kuponea chupuchupu. Wa mikono wakanipa breki za gari la Kijapani. Nilimaliza wasimamizi hawajamaliza kahawa yao. Wakauliza, "Mpango wako ulioandika uko wapi?" Nikawaambia breki hiyo hapo, ikanyageni. Wakaandika: gari limepona, karatasi tupu. Nikaanguka.

Nilirudi na feri nikasema nilikwenda kununua vipuri. Aibu hiyo sitaki kuirudia.

Mjomba

Trondheim, 10 Aprili 2017

Shikamoo mjomba,

Pole, tena pole sana. Ungeniambia.

Sasa sikia. Kila gari liandikie barua, unitumie mimi. Kabla hujashika spana: utafanya nini na kwa nini. Ukimaliza: umefanya nini. Mwisho: ulikosea wapi, na ungefanya nini tofauti. Hilo la mwisho ndilo huangusha watu, mabingwa hasa.

Ingvild

Smøla, 3 Mei 2017

Mpwa wangu, habari za huko?

Gari la mchungaji. Mpango: kubadili pedi za breki, zimeliwa na chumvi. Kazi: nimebadili. Kosa: hakuna.

Mjomba

Trondheim, 6 Mei 2017

Mjomba, kosa halikosekani. Lirudie gari.

Ingvild

Smøla, 9 Mei 2017

Mpwa wangu,

Bolti nilizikaza kwa mkono, kama siku zote. Mchungaji amelirudisha, nikazipitia kwa spana ya kipimo, ile inayopima mkazo. Moja ilikuwa imelegea.

Miaka thelathini na minne, Ingvild. Nilikaa juu ya tairi muda mrefu, mchungaji akadhani nasali.

Mjomba

Smøla, 28 Agosti 2017

Mpwa wangu Ingvild,

Sisi wazima, nawe natumai u mzima. Nimepita mtihani! Siku tatu, na karatasi kumi na moja zimejaa. Msimamizi alisema sehemu ya makosa yangu ndiyo ndefu kuliko zote alizowahi kusoma, akanipa mkono.

Iko karatasi moja ya mwisho niliyokuwa sijakuletea. Hii hapa.

Mpango: kuokoa gereji.

Kazi: nilimwomba mtoto wa dada yangu aseme uongo.

Kosa: niliogopa kuanguka tena, nikauita woga huo msaada kwako. Kisha nikakununia, kana kwamba mwenye kosa ni wewe. Nisamehe.

Ningefanya nini tofauti: ningeanza kwa kuuliza kama unaipenda kazi hiyo huko. Sikuuliza hata mara moja.

Cheti changu nimekitundika. Pembeni yake nimepigilia msumari mwingine, wa chako. Usiukimbilie. Maliza uanagenzi wako wote, usipunguze hata siku. Na ukiamua kubaki na Bi Aslaug, baki kwa amani. Msumari nitatundikia kofia.

Mjomba wako,
Sverre, fundi