Mfungaji wa Kikapu cha Kwanza

Jumatatu, 3 Machi

Walimwengu wote na wajulishwe: leo choo cha wanawake, upande wa mashariki, kimepata mlango. Meneja mpya kaja mwenyewe kuuzindua. Kaufungua, kaufunga, kaufungua tena. Kitasa kikabaki mkononi mwake. Tukapiga makofi.

Ndiyo maandalizi ya jubilei hayo. Ukumbi wetu wa michezo na burudani unatimiza miaka arobaini, na meneja anataka sherehe ya kukumbukwa. Mimi namwita Mkakati, maana hata chafya haipigi bila mkakati. Mimi ni wa dirisha la tiketi. Historia ya mahali hapa nimeitazama kupitia tundu lenye ukubwa wa sahani, na kwa historia yenyewe, tundu linatosha.

Jumatano, 5 Machi

Kikao. Mkakati na mambo yake mawili.

La kwanza: kuanzia mwezi ujao hakuna kuingia bure, awe nani awe nani. Macho yote kwangu! Kila mtu anamjua anayeingia bure — kaka yangu. Anapita mlango wa pembeni, anakwenda kiti chake safu ya tatu, anaketi kama aliyejenga. Ndondi, kwaya, harusi za wenye nazo, yumo. Sababu yake ni moja: siku ya ufunguzi, kwenye mchezo wa mpira wa kikapu, kikapu cha kwanza kufungwa humu ndani ni chake. Ndivyo asemavyo. Mameneja wamekuja wakaondoka, hakuna aliyeuliza.

La pili: kwenye jubilei, mfungaji wa kikapu cha kwanza atafunga tena mbele ya wageni. Atapewa kiti cha maisha chenye jina lake. Kiti kimoja. Mtu mmoja.

Nimemfikishia kaka. Hana mke tena, hana kazi, analala sebuleni kwangu na miguu iko nje ya kochi. Kile kiti ndicho kitu pekee mjini anachokiita "changu". Kaniambia: "Dada, bila mimi kile kikapu kisingekuwapo. Kilipita kwenye mikono hii hapa." Akaninyooshea. Kana kwamba siijui! Mikono ambayo haijawahi kuosha sahani.

Ijumaa, 7 Machi

Habari imevuja. Asubuhi kafika dirishani kinyozi wa mtaa wa nyuma, mkasi uko mfukoni bado. Kikapu cha kwanza ni chake. Mara akaja mwalimu mstaafu wa jiografia, na mkongojo. Chake pia. Wakagunduana kwenye foleni.

"Wewe ulikuwa benchi, unawashikia wenzio taulo!"

"Na wewe kitambi hicho unacho tangu enzi zile. Uliruka na nini, na winchi?"

"Mwalimu, heshima yako naitunza, lakini nitaiacha hapa chini sasa hivi."

Nikawauliza wazee wangu kama wananunua tiketi za maonyesho ya magodoro au wananizibia hewa. Hawakununua.

Jumanne, 11 Machi

Mkakati katusomea "Historia Fupi" itakayobandikwa ukutani. Eti ukumbi ni moyo wa mji. Moyo!

Basi ya kwangu ndiyo hii, ambayo haitabandikwa popote. Ukumbi ulianza kama ahadi ya uchaguzi. Ukapata kuta, uchaguzi ukaisha, ukasubiri uchaguzi mwingine upate paa. Bwawa la kuogelea lililoahidiwa lilikuja baadaye, lenyewe, kupitia paa hilo. Alikuja mwimbaji maarufu, akaimba nyimbo nne huku sauti ikitoka kwenye kanda, akaondoka kabla kanda haijaisha. Mwaka wa mafuriko familia za bondeni zililala uwanjani hadi maji yalipokauka — na ndio wakati pekee mahali hapa palipofaa kitu, ndiyo maana kwenye Historia Fupi haumo. Walipoondoka, vipande vya sakafu ya mbao vilirudishwa ovyo. Tangu hapo mistari ya uwanja haikutani. Duara la katikati linaanza vizuri, likifika nusu linabadili nia. Wachezaji wa hapa wamezaliwa wakaukuta hivyo. Wakienda kucheza miji mingine, wanaona mistari ya huko ndiyo mibovu.

Alhamisi, 13 Machi

Kaka anafanya mazoezi. Kwenye ukuta wa jiko langu. Kikombe kimoja, chupa ya chai, na saa ya ukutani iliyokuwa haimkosei mtu.

Nikamwambia anisimulie upya siku ile, kwa kuwa mimi sikuwapo. Nilibaki nyumbani na mama, homa imempanda. Nakumbuka nilivyohangaika kutafuta beseni lake la enameli, lile la maua mekundu, nipate maji ya kumkandia. Halikuonekana. Mama alilililia beseni hilo mwezi mzima kuliko alivyoililia homa.

Kaka akasimulia. Karuka, kafunga, watu wakasimama. Simulizi hii imenenepa. Mwaka juzi aliruka. Mwaka jana aliruka juu ya mtu. Zamani, nikiwa msichana, ilikuwa na ngazi mahali fulani. Sijui ngazi ilikwenda wapi.

Jumapili, 16 Machi

Mkakati kapata dawa. Mjane wa mpiga picha wa mji kaleta negativu, filamu ya picha ya siku ya ufunguzi: kikapu cha kwanza chenyewe, anasema, mpira ukiwa hewani! Itachapwa kubwa kama ukuta, ifunikwe pazia, ifunuliwe siku ya sherehe. Atakayeonekana ndiye.

Fundi umeme akauliza, bosi, si uitazame kwanza? Mkakati akamwangalia kwa huruma. Hata yeye hataitazama. Anataka mshangao wake uwe wa kweli. Ndio mkakati.

Kinyozi kafurahi. Mwalimu kafurahi. Kaka kaniuliza jambo moja tu: imepigwa kutoka upande gani?

Ijumaa, 21 Machi

Picha imefika, imening'inizwa, imefunikwa. Kaka kanifuata mpaka kazini. Anataka nimfungulie mlango wa pembeni achungulie kidogo, dada yangu, mara moja tu. Nikamwambia ufunguo anao Mkakati. Ulikuwa kwenye pochi yangu. Kama kafunga, anachungulia nini?

Jioni kapiga pasi jezi ya zamani. Imekwama kifuani. Nikamwambia kaka, usiende, sema unaumwa.

"Nisipokwenda nimewaachia kiti."

"Na ukienda?"

Akaendelea kuivuta ile jezi chini, kama mtu anayefunga dirisha bovu.

Jumamosi, 22 Machi

Naandika nikiwa kibandani. Mlango wangu wa nyuma unatazama uwanjani, naona kila kitu. Mgeni rasmi kasinzia kwenye hotuba yake mwenyewe. Wafungaji watatu wamepangwa mstari mmoja, kila mmoja na mpira wake. Kaka yuko mwisho, kitovu nje, kanyooka kama mlingoti. Ni mrefu jamani. Sikuwahi kuliona hilo akiwa kochini.

Pazia linavutwa — limenasa! Fundi umeme kapanda kwenye kiti. Kavuta. Limeanguka lote, na bomba lake.

Picha ni safi kupita kiasi. Uwanja mpya, watu wamejaa, mpira uko hewani. Aliyeurusha kaipa kamera mgongo. Mgongo tu! Kinyozi anapiga kelele huo ni mgongo wake. Mwalimu anauliza kinyozi mgongo wake ameuonea wapi. Wameshikana mashati.

Magoli hayapo. Nimetazama mara mbili. Ukutani kuna matundu ya boliti, nguzo hakuna, nyavu hakuna. Wamefungua ukumbi kabla vyuma havijafika — nilipaswa kukisia. Mpira unakwenda kwenye beseni. Beseni la enameli, la maua. Kwenye picha maua ni meusi, lakini nayajua.

Chini yake ngazi. Juu ya ngazi kijana mrefu, mikono yote miwili imenyooshwa, anacheka mpaka macho yamefumba. Ni yeye peke yake anayeonekana uso.

Kinyozi na mwalimu wameachiana. Mkakati anauliza kwenye maikrofoni: huyu wa juu ni nani? Kuna anayemfahamu? Kaka haitazami picha. Ananitazama mimi, mpira ameukumbatia tumboni.

Ni yeye. Ameshika beseni.