Nywila Iliyotembea Uchi

Tromsø, 4 Septemba

Mjomba Sverre,

Hujambo huko kwenye jukwaa la mafuta? Sisi wazima, na kikohozi cha mama kimepoa.

Nina hasira, mjomba. Mama Gunvor wa ghorofa ya pili aliiandikia bodi ya jengo letu kuhusu ugonjwa wake, akaomba iwe siri. Wiki haikuisha, jengo zima likajua. Mwenyekiti Haldor anasema nimevujisha mimi, kwa kuwa nilimsaidia yeye kufungua sanduku la barua pepe la bodi nilipomaliza shule. Sijasoma hata moja. Yeye ndiye huzichota kwa POP, njia ya zamani ya kupokea barua pepe, bila kufuli la kuzifumba maandishi, kwenye mtandao wa wazi wa chumba cha kufulia. Nywila na barua hupita uchi, yeyote aliye kwenye mtandao ule anaweza kuzidaka. Nilimwonya, akacheka: "Binti, hapa sote majirani."

Mama Gunvor haitikii salamu yangu.

Mpwa wako,
Tiril

Baharini, 11 Septemba

Mpwa wangu,

Mimi mzima, ila mpishi wetu amegombana na chumvi. Mama mpe pole.

Usiilaumu POP peke yake. POP huchota barua na mara nyingi huzifuta kwenye seva. IMAP, njia ya pili, huziacha huko. Bila kufuli, zote mbili ni kadi za posta, kila mpita njia husoma. Kufuli kwanza, ndipo mbishanie njia. Haya umeyasema mbele ya watu, au umeuambia mto wako wa kulalia?

Mjomba wako

Tromsø, 21 Septemba

Mjomba,

Tu wazima. Mpishi bado?

Juzi ilikuwa dugnad, siku ya kazi ya pamoja, wakazi wote tukakusanya majani. Haldor, soseji mkononi, akatangaza: "Tumehamia IMAP. Sasa tuko salama." Wakampigia makofi.

Nikauliza, "Na kufuli umeweka?"

"Tiril, leo tunafagia, hatugombani."

Wote wakainamia majani. Siku ya dugnad hakuna anayebishana. Alilijua hilo, akajificha humo. Jana kabandika tangazo ngazini: kufuli imewekwa, nywila ni mpya. Radhi hakuna.

Nikapanda kwa Mama Gunvor, nikamweleza yote mlangoni.

"Haldor anakunywa kahawa yangu kila Jumapili," akasema, "akinionya nikuepuke." Akafungua mlango wote. "Vua viatu. Tunamwandikia barua, na tunaibandika ngazini, juu ya tangazo lake."

Neno la kwanza alilichagua yeye. Ni tusi, na mama yangu asingependa nikuandikie.

Mpwa wako,
Tiril