Saa Iliyolazwa Mtoni Siku Tatu

“Kitu kikilala mtoni siku tatu kikatoka kizima, hakina uongo.” Maneno hayo ni ya fundi mmoja wa mitumbwi huko Kulesa, na naambiwa wengi wanayakubali. Mimi siyakubali, na leo nitayavunja mbele yenu. Ila kwanza someni barua ya mkewe. Hakutaka jina lake lifichwe. Anasema hata likifichwa, Kulesa nzima itamjua kwa mtumbwi.

*Mshauri mpendwa,*

*Naomba unisaidie kabla ya Jumamosi kwa maana Jumamosi mtumbwi wetu unaondoka, na mara nafurahi mara naogopa, hata ugali naunguza. Mume wangu Danson huchonga mitumbwi, na huu wa sasa ameuchonga miezi miwili kutoka gogo moja la mwembe, na tulisema huu hatuutoi, ni wetu, kwa sababu ule wa zamani umepasuka ubavu na mashamba yetu yako ng’ambo, na mvua zikianza hatuna mtumbwi basi mpunga utaliwa na ndege sisi tukitazama. Sasa akaja Zachary kutoka Garsen na saa, Mshauri, sijawahi kuona saa kama ile, nzito, inang’aa kama samaki aliyetolewa majini sasa hivi, ina jina kubwa la Uswisi, akasema tubadilishane, saa kwa mtumbwi. “Mzee, ukiivaa hii hata chifu atakuamkia kwanza,” akamwambia Danson, na Danson akanyoosha mkono hapo hapo.*

*Akasema haina betri, inaishi kwa mwendo wa mkono. Nikamwuliza vile viduara vitatu vyenye mishale midogo mbona havisogei, akasema, “Mama Maurine, hivyo huamka ukifika Ulaya.” Nikasema basi tuifungue mgongo tuone ndani, akasema saa ya heshima haivuliwi nguo mbele za watu, wanaume wakacheka.*

*Danson hakabidhi mtumbwi mpya mpaka ulale mtoni siku tatu, ukinyonya maji bado haujawa mtumbwi, basi akasema na saa ilale vivyo hivyo, akaitia kwenye kifuko cha wavu akaifunga kigingini pale ukingoni. Zachary akasema, “Hata wiki, mzee!” Siku ya pili nilipokwenda kuchota maji nikaivuta, nikaitazama, inatembea, mshale unaruka tak, tak, tak kama kifaranga anayedonoa, lakini ndani ya kioo kulikuwa na ukungu. Hapa ndipo penye dhambi yangu. Nilitandika kanga juani nikailaza mpaka ukungu ukaisha, nikairudisha majini, nikafunga mdomo. Kwa sababu mume wa wifi yangu Florence ana saa, na kila tukitoka ibadani Florence ananiambia, “Wifi, usihangaike, ukitaka kujua saa ngapi niulize mimi,” nami nilitaka Jumapili moja tu yeye aniulize. Siku ya tatu Danson akaitoa mbele ya watu, kioo kikavu, inatembea, wanawake wakapiga vigelegele na vyangu vikazidi vya wote. Je, ni halisi? Niambie ni halisi.*

*Everline, Kulesa*

Everline dada yangu, niliposoma barua yako niliruka kitini, na si kwa hasira. Nilifurahi! Mumeo alitega mtego mzuri kuliko anavyojua, kisha akausoma kinyume.

Kazi ya mtumbwi ni maji, kwa hiyo maji yana haki ya kuuhukumu. Saa hayaihusu. Saa halisi ambayo raba ya mgongoni imechakaa huingia maji ikafa, na saa bandia iliyofungwa vizuri hulala mtoni ikatoka inacheka. Hata ule ukungu peke yake si ushahidi. Zachary alijua hayo, ndiyo maana akasema hata wiki. Muuzaji anayekubali jaribio moja mbio mbio na kukataa jingine kwa mzaha amekwisha kukuonyesha pa kutazama.

Sasa sikia utamu wake. Alisema saa haina betri, inaishi kwa mwendo wa mkono. Saa ya namna hiyo, mshale wake wa sekunde hutambaa, haurukiruki kila sekunde. Na ikivuliwa ikaachwa, nyingi husimama baada ya siku mbili hivi. Yenu ilikaa siku tatu kwenye wavu, haina mkono wa mtu, na bado ni tak, tak, tak! Hiyo ina betri, dada. Zipo saa halisi za betri, na zina heshima yake, lakini hii mliambiwa haina. Danson anadhani mto umemwambia saa ni ya kweli. Mto umemwambia muuzaji ni mwongo.

Na vile viduara ni vya kupimia muda, kama wa wakimbiaji mbioni. Bonyeza kitufe kilicho ubavuni: kwenye saa halisi ya aina hiyo mshale utaanza kwenda, hapo hapo Kulesa, bila nauli ya Ulaya. Usipojibu, saa ni mbovu au viduara vimebandikwa tu. Uzito usikuhadae, chuma kizito kipo tele. Hata akileta karatasi ya uthibitisho yenye muhuri, hiyo nayo huchapishwa. Neno la mwisho ni la fundi wa saa akishafungua mgongo.

Najua watakaonijibu kwamba saa ni saa, mradi inasema wakati. Basi nunueni ya sokoni, muivae bila aibu, nami nitawasifu. Lakini simu ya Danson inasema wakati! Mtumbwi ule hautolewi kwa ajili ya wakati. Unatolewa kwa ajili ya jina lililoandikwa kwenye uso wa saa, na jina hilo ndilo lenye shaka.

Nawe usijifiche nyuma ya Zachary. Mchonga mitumbwi akiziba ufa kwa matope ili mnunuzi asiuone, wewe utamwitaje? Ulifanya lile lile kwa kanga yako, tena dhidi ya watoto wako watakaovuka mto huo kwa mtumbwi uliopasuka, eti Florence akuulize saa. Leo, kabla hujainjika chungu, mwambie Danson habari ya ukungu. Atafoka. Mwache afoke, kisha mpelekeni Zachary na saa yake kwa Mahmud, fundi wa saa pale sokoni Garsen, ambaye hufungua saa huku mwenye saa amesimama mbele yake.

Na nyinyi wachonga mitumbwi, kuanzia Kulesa hadi Garsen, ambao kesho mtaletewa saa ya pili na ya tatu: kamba ya mtumbwi isifunguliwe kabla mgongo wa saa haujafunguliwa. Muuzaji akikataa, mrudisheni kwao kwa miguu.