Nishani Iliyo Kabatini

Mdogo wangu mpendwa,

Hapa tu wazima, na habari ulizozisikia ni za kweli: mwanangu, zimamoto wetu, amevishwa nishani! Kubwa kama kisahani. Niliitundika sebuleni, mkabala na mlango, jirani yule mwenye mdomo aione kabla hata hajavua viatu.

Alitoa watoto wawili kwenye ghorofa lililokuwa linawaka. Wakubwa zake wakampiga picha, wakampa siku moja ya kupumzika, wakamwambia, "Jikaze, mwanaume halii." Tangu hapo nikiwasha jiko tu, anatoka nje anatetemeka. Sasa napikia kwa jirani yuleyule, na masimango yake nayameza.

Jana shangazi zake walikuja kumpongeza. Nikajigamba, "Mwanangu kaokoa wawili peke yake!" Akaniangalia, akasema polepole, "Mama, walikuwa watatu. Wa tatu alikuwa ananiita."

Nishani nimeifungia kabatini. Kesho nampeleka mwenyewe kwa daktari wa akili, na wanaocheka wacheke mpaka meno yawadondoke.

Ukija, mdogo wangu, usimpongeze. Muulize tu kama amekula.

Ni mimi dada yako,
Mama Zimamoto